Kiti cha mbele cha Impala ya baba

Leo nimeaibika mjini Sib, huku Uarabuni, lakini nimerudi nyumbani nacheka.

Baba ana Impala ya zamani, ile gari ya Kimarekani yenye kiti kimoja kirefu mbele, wanakaa watu watatu.

Kiti kilioza. Fundi wa mtaa wa Darsait akatutilia viti viwili vya gari nyingine, na tangu hapo baba hataki kuiendesha. "Hii si gari yangu," anasema.

Leo tukasikia kiti kirefu kama kile cha mwanzo kipo, kizima, kwenye nyumba moja Sib. Nikaenda na mume wangu, Salim.

Kweli kipo, barazani. Lakini bibi mwenye nyumba kakikalia, anakunywa kahawa!

Tukamwomba kwa Kiarabu. Akakataa katakata.

Nikamnong'oneza Salim kwa Kiswahili, "Akinyanyuka tu, tunakibeba."

Bibi akanigeukia. "Sinyanyuki ng'o, mwanangu."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe kazaliwa Unguja! Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Haya, kichukueni. Lakini na mimi nnataka pa kukaa, tena pawe laini kuliko hapa."

Salim akanitazama. Nikamtazama. Jioni sofa yetu ya sebuleni ikahamia Sib.

Sasa kiti kimeshafungwa. Baba yumo garini, hapo uani, na mama kamsogelea ubavuni kama maharusi. Nimewaita ndani waje kula, baba anasema chakula kiletwe humo humo.

Wenye wazee kama hawa, hebu jitokezeni hapa chini!