Jogoo wa Kuikomboa Yokohama

Jumamosi, tarehe nane Aprili. Mvua ya masika ilianza kabla ya alfajiri, ikapumzika saa nne, kisha ikarudi mchana kama mtu aliyesahau mwavuli.

Leo nimekwenda Boko na jogoo. Nimerudi bila jogoo, na Yokohama nimeipakata kwenye mfuko wa rambo. Najua hujanielewa, rafiki yangu, kwa hiyo acha nianzie mbali. Mie niliishia darasa la saba, na huenda kumbukumbu nyingine nimeziunga mwenyewe kama ninavyounga vitambaa kwa cherehani. Pale nisipokuwa na hakika nitakwambia.

Yokohama ni mashine ya gemu. Wenzangu wanakusanya vikombe vya udongo, mie nakusanya mashine za gemu za zamani, hasa zile ambazo hata muuza mitumba hajui zinachomekwa wapi. Ninazo kabati zima. Mume wangu huliita kabati hilo makaburini.

Ugonjwa huu niliupata utotoni, kwetu Wazo, miaka ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kuingia. Jirani yetu alikuwa baharia. Kila akirudi safari alileta mashine moja, na kila mashine aliipa jina la bandari alikoinunua: Yokohama, Busan, Dubai, Santos. Aliziweka kwenye rafu barazani, karibu na tivii iliyokuwa haina stesheni ya kuonyesha. Sie watoto tulikuwa tukibishana, "Leo zamu yangu Busan!" utadhani ni wasafiri kweli. Baharia hakutaka senti yetu. Kiingilio kilikuwa ndoo ya maji, nawe uimimine pipani bila kumwaga. Bibi yangu alinung'unika kwamba pipa la nyumbani liko tupu huku la jirani linafurika. Mkono ukinukia samli ya chapati zake, hujanawa, hugusi mashine.

Kabla ya kucheza unachomoa kanda ya gemu, unaipuliza vumbi jeupe la saruji ya Wazo litoke, unairudisha. Mie nilisifika kwa kupuliza. Baharia alikuwa akisema, "Kila bandari na kichwa chake," akituonyesha plagi: hii ina miguu bapa, ile ina miguu ya mviringo. Gemu ile ile Dubai ilikwenda kwa uzito, Yokohama ikakimbia. Tulidhani Wajapani wana haraka. Siku hizi najua ni mambo ya umeme na mitambo ya picha, lakini maelezo yetu bado nayapenda zaidi.

Yokohama ndiyo iliyopendwa, nayo ilikuwa na kasoro kuliko zote. Ilikula umeme mdogo, lazima ipitie transfoma iliyounguruma kama paka. Kwenye tivii yetu picha yake ilitoka ya kijivu, na sauti haikutoka kabisa, ni mvumo tu. Hapo ndipo alipoingia jirani wa pili, mchonga vinyago, mtu wa kusini. Yeye na baharia walikuwa watani, ule utani wa makabila tuliorithi kwa mababu. Alikuja kila jioni kumkera mwenzake.

"Mashine bubu, mwenyewe domo kaya," alisema. "Mmeokotana wapi?"

"We ukoo wako mlishawahi kuona taa?" baharia alimjibu.

Kisha mchongaji alikaa nyuma yetu akaifanyia mashine sauti kwa mdomo. Risasi ilikuwa pyu, pyu, pyu. Chombo kikilipuka ni guduu, na mate juu. Akichelewa kuja, gemu haikunoga.

Gia ya Yokohama, yaani kile kijiti cha kuendeshea, ilipovunjika, mchongaji aliondoka nayo. Alirudi na gia mpya ya mpingo. Juu yake alikuwa amechonga kichwa cha baharia, kidogo kama korosho, masikio makubwa kupita kiasi. Baharia alikigeuza geuza. "Masikio haya ya babako," alisema, lakini tangu siku hiyo ukitaka kucheza Yokohama ulimshika baharia kichwa.

Baharia alifia nyumbani, kwa homa. Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na moja. Msibani watani walifanya kazi yao: mmoja alivaa kofia ya marehemu akatembea kwa mwendo wake, mwingine alilala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mchongaji aliingia barazani, akaichukua Yokohama, akakaa nayo mkekani. Akashika gia. Pyu, pyu, pyu, huku machozi yanamtoka.

"Nimeishika rehani," alisema. "Mkiitaka, nikomboleeni kwa jogoo."

Dada wa marehemu alikuwa amekuja toka mjini, na nadhani mambo ya utani hakuyakulia. Aliona ni matusi juu ya maiti. "Kaka yangu yuko ndani hajazikwa, wewe unacheza gemu? Potelea mbali nayo!"

Mchongaji aliinuka na mashine mkononi, akaenda kwake.

Mtaa uligawanyika. Wengine walimwita mwizi. Nimelipima sana jambo hili, na sioni wa kumtwika lawama. Dada alikuwa na uchungu, na kwa macho yake ilikuwa dharau kweli. Mchongaji naye asingeweza kuirudisha hivi hivi. Rehani ya mtani ikirudi bila kukombolewa, utani umekufa, na yeye ndiye aliyeuua. Alisubiri jogoo. Jogoo hakuja. Mashine nyingine dada aliziuza, mchongaji akahamia Boko tukapoteana naye, na mie nikakua nikinunua kila mashine inayofanana na Yokohama, bila hata moja kuwa yenyewe.

Juzi binti wa mchongaji, aliyesikia kwamba nakusanya mashine za zamani, alinipigia. Wanamrudisha mzee kwao Masasi kesho Jumapili. Nyumba imeshauzwa, na vitu visivyo na mwenyewe vinatupwa. "Kuna limashine analilinda. Anasema ni la watu, mpaka waje na jogoo. Sie hatumwelewi."

Nilimkuta kibarazani, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mie yule mpuliza kanda wa Wazo. Nimekuja kukomboa."

Alinyoosha mikono, akampapasa jogoo kifua. Mie roho juu. Sikuwa ndugu wa baharia, na mzee akinikataa, kesho Yokohama iko jalalani.

"Huyu jogoo au njiwa? Kakonda kama baharia wenu."

"Kwenu kusini hata wa kukonda mnaye, babu?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, wewe mtani wangu halali. Nilidhani nitazikwa na deni la watu." Binti yake alileta mashine, imefungwa kwa kanga, haina vumbi. Mzee aligusa kile kichwa cha mpingo mara moja tu, kisha akaniachia.

Nyumbani niliipitisha kwenye transfoma, nikaichomeka kwenye tivii yangu inayosoma mifumo yote. Ikawaka! Mbingu ya kwenye gemu, ambayo sisi tuliijua ni ya kijivu, kumbe ni ya zambarau. Na kumbe ilikuwa na muziki wake, mwembamba, unarudia rudia. Niliusikiliza kwa haki, sikutaka kuuhukumu haraka. Lakini baraza la Wazo halikuwemo humo. Siku hizi kuna ghorofa mahali pale, baharia yuko ardhini, na watani nao misibani wanatuma salamu kwa simu.

Nilizima sauti. Nilimshika baharia kichwa, masikio yamelika kwa vidole vyetu, nikaanza. Pyu, pyu, pyu.

"Mama, unafanyaje?" mwanangu aliuliza.

"Kaa nyuma yangu. Chombo kikilipuka, useme guduu."

Alisema, na mate yakanirukia shingoni.

Jioni tumekula ugali na mchicha. Jogoo alibaki Boko.