Mgongo wa Shemeji na Daktari wa Nyayo

Mume wa dada yangu ni fundi vigae. Sakafu zake, lazima nikiri, zimetulia kama maji kwenye beseni. Kila kitu kingine anachogusa kinakwenda upogo.

Amechuchumaa tangu ujana wake, tena peku, kwa sababu anashikilia kwamba kiatu hakijui kigae kilichokaa vibaya, unyayo ndio unajua. Matokeo yake ana sugu za kunolea kisu, na kiuno ambacho mwaka huu kimegoma kabisa. Akiinama anabaki hukohuko, mpaka dada aje amkunjue kama kiti cha msibani.

Hospitali walimpiga picha, hakuna kilichovunjika. Mama wa mazoezi ya viungo akamfundisha: lala chali, vuta goti, inua nyonga, kila siku.

"Na kukandwa nyayo je?" Shemeji akauliza.

"Wapo wanaosema wanapata nafuu kidogo, sikukatazi. Lakini hiyo ni nyongeza, baba. Mazoezi usiache."

Akaondoka na nyongeza, mazoezi akayaacha mezani.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amemwekea ukumbi wa mapokezi wa hoteli mpya, sakafu yenye ua kubwa la vigae katikati, kazi ambayo fundi anaota. Sharti lilikuwa moja: Jumatatu aweze kuchuchumaa. Asipoweza, ukumbi unakwenda kwa hasimu wake, fundi mmoja mnene anayepiga miluzi.

Nikamsindikiza kwa "daktari" mmoja wa kukanda nyayo. Zamani alikuwa akiuza magodoro, sasa ana koti jeupe na chumba nyuma ya saluni. Ukutani kuna picha ya unyayo uliogawanywa kama ng'ombe buchani: ini hapa, figo pale, uti wa mgongo ukingoni. Akabonyeza ukingo.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu," Shemeji akasema.

"Mshipa umelala."

"Haujalala," nikamwambia, "uko chini ya ghorofa tatu za ngozi."

"Kijana, umesomea nini?"

"Diploma ya maabara, nusu."

"Nusu gani?"

"Ile ya kujua kwamba figo haiko kwenye kikanyagio."

"Shemeji, funga mdomo," akasema mgonjwa wetu, amelala pale kama bwana harusi.

Daktari wa magodoro akatoa hukumu: sugu zimeziba mlango, ziondolewe. Akalowesha miguu kwenye maji moto, akachukua wembe, akaparua mpaka nyayo za fundi mzima zikawa laini kama za mtoto mchanga. Kisha akabonyeza tena. Shemeji akapiga ukelele.

"Umeona? Mgongo unaitika!"

"Huo ni mguu unaolia," nikasema. Nani ananisikiliza mimi?

Sisemi uongo, aliinuka mwepesi. Nani hawi mwepesi akilazwa na kubembelezwa miguu mchana mzima? Nyumbani dada akamtandikia mkeka wa mazoezi. Akauruka.

"Mazoezi ya nini, mama? Mlango umeshafunguka."

Jumatatu akachuchumaa, kweli, mbele ya msimamizi, akitabasamu. Kisha akamwaga saruji mbichi, akaitandaza, akaingia peku kama kawaida yake. Ukali wa saruji, ambao miaka yote ulikuwa unagonga sugu na kurudi, ulipokelewa na ngozi ya mtoto mchanga. Kufika mchana nyayo zilikuwa zimeungua, mwanamume analia, na wenzake wakamtoa ukumbini kwa toroli.

"Fundi," msimamizi akamwambia, "nilikuomba kiuno, umeniletea miguu."

Jioni daktari akapigiwa simu. Akajibu kwa utulivu kwamba hiyo ni sumu ya mgongo inatokea chini.

"Njoo nikuonyeshe inapotokea," dada akamwambia. Hakuja.

Ukumbi ukaenda kwa mpiga miluzi. Shemeji alipopona, msimamizi alimhurumia akampa kuta za vyoo vya wafanyakazi, kazi ya kusimama, maana kiuno nacho kilikuwa kimerudia mgomo wake. Kila asubuhi anapita kando ya ua lile, na anageuza uso. Majirani anawaambia sakafu amewaachia vijana. Juzi alinivuta pembeni, sauti ya chini:

"Shemeji, wewe umesoma. Eti kuna mtu anatibu mgongo kupitia masikio?"