Mama Kijiko na Kilo Tano

Mama Kijiko alizaliwa Machi 1958, mdomo umepasuka hadi puani na kaakaa liko wazi. Mkunga alisema, "Huyu hafiki Jumapili." Bibi yake alimkalisha mjukuu wima mapajani, akamdondoshea maziwa kwa kijiko, tone baada ya tone, na Jumapili ikafika, ikapita. Mdomo alishonwa akiwa na miaka kumi na tisa. Kaakaa halikuzibwa kamwe, ndiyo maana maneno yake yalipitia puani hadi anakufa, na wenye vyeo wakajifanya hawamwelewi.

Mwaka 1981 aliajiriwa kufagia wodi ya watoto. Mungu alimwitia hapo hapo, ufagio mkononi. Aliona akina mama wakiwalaza chali watoto wenye midomo kama yake, chupa kinywani, maziwa yakirudi puani, watoto wakipaliwa. Na daktari hapasui mtoto kabla hajafika kilo tano. Walikuwa wanakufa wakizisubiri hizo kilo. Akauweka ufagio kando, akashika kijiko.

Mwaka 1993 mkuu wa wodi, mtu asiyewahi kulisha hata paka, alimkuta amempakata binti wa kilo tatu na nusu.

"We mfagizi, nani kakupa ruhusa?"

"Njaa yake, mzee."

"Mweke chini, au uache kazi."

"Akishameza, nitaacha."

Akaacha. Mama wa mtoto akamfuata getini analia, "Dada, sasa mwanangu si atakufa?"

"Nyumbani kwangu kuna vijiko. Twende."

Wiki sita walilala kitandani kwetu, mimi mumewe sakafuni nanung'unika, nakiri. Siku ya kupima, mshale uligusa tano ukatulia. Mkuu akasema mizani ni mbovu, maana wakubwa hawakosei, vyombo ndivyo hukosea. Ikaletwa nyingine. Hiyo ikasema tano na robo. Binti akashonwa mdomo, na mwaka uliofuata kaakaa.

Mama Kijiko alifariki Juni 2009 kwa ugonjwa wa kifua, kwenye benchi la hospitali ile ile aliyoifagia miaka kumi na miwili, faili lake likitafutwa. Waliohusika wanajijua, na Mungu anawajua. Kwenye mazishi somo lilisomwa na yule binti, sasa wa miaka kumi na sita. Kila neno lilitokea mdomoni, safi. Hakuna hata moja lililopotelea puani. Mnaotafuta muujiza, ndio huo.

Basi anayetaka kumfuata asianze na mishumaa. Amkalishe mtoto wima, achukue kijiko kidogo, angoje ameze.