Tumemshukuru Mungu, kumbe Mama bado

Jamani, leo tumeshukuru mapema mno.

Mama alibadilishiwa valvu ya moyo huko Dar, tukadhani amepona. Nyumbani kwetu Ngamiani watu wamejaa, dua ya shukrani inasomwa.

Baba akapiga simu kutoka hospitalini.

"Mwanangu, moyo wa mama yako unapiga ovyo, tena polepole mno. Unaweza kusimama. Kesho anawekewa betri ya kuusaidia."

Nikaanza kulia. Jirani akanitania, "We mtoto, unalilia pilau?"

Nikamnong'oneza shangazi. Akasimama mbele ya wageni.

"Samahanini. Mgonjwa wetu bado. Tulikuwa tunashukuru, sasa tuombe."

Hakuna aliyeondoka. Wanaomba hadi sasa ninapoandika.

Nanyi mnaosoma hapa, itikieni amina. Tafadhali.