Sabiha na Kimeng'enya cha Ubongo

Kila Ijumaa alfajiri, kwa miaka minne mfululizo, Sabiha binti Badru alikwenda machinjioni kununua ubongo wa ng'ombe. Majirani zake wa Usagara walishasema yote waliyotaka kusema, na mmoja aliapa kuwa ni uganga. Uganga gani! Sabiha alikuwa fundi sanifu wa maabara ndogo ya utafiti kule Raskazone, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mkaidi kupita kiasi. Alikuwa akitafuta kimeng'enya kinachokaa ndani ya ubongo na kukatakata RNA, ile nakala ya maagizo ambayo seli huisoma ili ijue la kufanya.

Kazi yenyewe haikuwa na raha. Unasaga ubongo juu ya barafu mpaka uwe uji wa kijivu, unatia asidi, unauzungusha kwenye mashine, kisha maji yake unayapitisha kwenye bomba la kioo lenye chembechembe zinazonasa hiki na kuachia kile. Unakinga tone kwa tone kwenye vichupa, unapima kipi kinaikata RNA na kipi kimelala tu. Hata jasho la kidole lina vimeng'enya vya namna hiyo, kwa hiyo Sabiha alibadilisha glavu mpaka wenzake wakamwita Bi Glavu.

Alichokipata kilikuwa kikali ajabu. Ukikichemsha, kikipoa kinarudi kazini. Daktari Hosea, msimamizi wake, alifurahi sana. Kikithibitika kuwa kipya, na kuwa kweli ni cha ubongo, Sabiha angepata shahada yake ya uzamili. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara mbili na kikasema Septemba ndiyo mwisho. Wakatuma sampuli nje ikachunguzwe.

Majibu yalirudi Jumanne mchana, zikiwa zimebaki wiki tano. Kimeng'enya kilikuwa safi kabisa, cha ng'ombe, lakini cha kongosho. Kinajulikana tangu enzi za mababu, na wenye maabara hukiagiza dukani.

"Kongosho limeingiaje humu?" Daktari Hosea aliuliza.

Sabiha alijua. Mzee Uweso, mchinjaji, hakuwahi kumwacha mteja aondoke bila nyongeza. Siku ya kwanza kabisa, baada ya shikamoo na marahaba, alimwuliza, "Mwanangu, kwako una paka?" Alipoitikia, mzee akamtilia pande la kongosho juu ya ubongo, mfuko mmoja. Ikawa ndiyo desturi. Nani aliyelelewa pwani hii akakataa nyongeza ya mzee? Sabiha alishukuru, akafika maabara, akavaa glavu, akalitoa kongosho la paka kwa uangalifu, akausuuza ubongo, akaendelea na kazi. Mikono yake aliichunga kwa miaka minne. Mfuko hakuufikiria hata siku moja.

"Kosa ni langu," alisema, akaeleza yote. Aibu ilimshika kuliko hata huzuni.

Daktari hakumgombeza. Alifungua daftari la kazi, akapitisha kidole kwenye vipimo vya wiki moja, akageuza ukurasa, akapitisha tena.

"Hiki kikali ndicho cha kongosho," alisema polepole. "Lakini angalia, kila wiki kichupa cha saba mpaka cha tisa navyo vilikata RNA kidogo. Mahali pale pale kila mara. Sabiha, nadhani hicho ndicho cha ubongo. Kilikuwepo siku zote."

Sabiha alitazama. Pembeni mwa kila kipimo palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, mzuri, umenyooka: dhaifu, mwaga.

"Kwa wiki tano hatuwezi kukusanya upya cha kutosha kupimwa. Kwenye friza hakuna hata tone?"

"Hakuna, daktari."

"Vyote ulimwaga?"

"Vyote," alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Tena vichupa nilivisuuza kwa maji ya moto, mara tatu."