Shangazi wa Kwenye Fomu

Hapa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, kuna watu ambao mpaka leo nikipita mbele yao natazama chini, na wakinisema siwalaumu, maana nilichofanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu. Nimekaa nacho kimya muda mrefu. Leo nawasimulia, mkitaka kucheka mcheke, ila mtaona kwamba hakuna pa kuchekea sana.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kigoma, na nguo zangu hasa ni za bibi harusi. Nilisikia kwa wafanyabiashara kwamba Gisenyi harusi haziishi na mafundi wa kazi hiyo ni wachache, nikafunga mizigo. Mpakani afisa akaniuliza nakuja kufanya nini Rwanda, swali la kawaida kabisa, na vichwa viwili vya cherehani vilikuwa kwenye buti la basi, mkasi na futi mkobani, lakini abiria mwenzangu alikuwa ameshaninong'oneza kwamba ukitaja biashara utaulizwa makaratasi (na mimi neno makaratasi hunitoa jasho tangu shule), basi nikajibu kwamba namtembelea shangazi. Shangazi zangu wote wawili wako Kasulu na hawajawahi kuvuka mpaka wowote. Afisa akagonga muhuri wa mgeni, nikapita, na nakumbuka nilijiona mjanja.

Chumba cha kufanyia kazi nilipangishwa na Mama Zaina, mama wa mjini hapa, mtoto wa ukoo wa Kiislamu ulioishi kwa biashara tangu zamani. Alinipokea vizuri mno. Aliniletea wateja, alinifundisha kusalimia kwa Kinyarwanda, na Idi ilipofika nilikula kwake kama mtu wa nyumbani. Kazi ikashika, nikaweka msichana wa kunisaidia kudarizi, na muda wote huo pasipoti yangu inasema mimi ni mtalii.

Siku za ugeni zilipokaribia kuisha nikauliza, nikaambiwa njia ipo na si ngumu: unasajili biashara, unaandika maelezo ya kazi yako, unaleta cheti cha tabia njema cha polisi wa kwenu, unaomba kibali cha kuishi kama mfanyabiashara mdogo. Ndivyo tu. Lakini mimi nikaona nikiomba hicho watauliza mbona nimeshona miezi yote hii kwa muhuri wa mgeni, nikaogopa, nikaona heri niongeze siku za kumtembelea yule shangazi. Ofisi ya uhamiaji wakasema sawa, leta barua ya huyo shangazi.

Nikamwendea Mama Zaina. Alinisikiliza, halafu akasema taratibu kwamba shangazi lazima awe na kaka, na kaka yake aliyekwenda Tanzania ni mmoja tu, Hamisi, aliyevuka kwenda Kigoma kufanya biashara akiwa kijana na hawajasikia habari zake tena. Nikamwambia basi tuandike huyo. Wallahi ndivyo nilivyosema, huyo huyo, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akaandika kwa sababu alinipenda. Mkono wake ulikuwa mzito, nami niliuona na nikajifanya sijauona.

Barua ilihitaji muhuri wa kiongozi wa mtaa, na kiongozi yule alikuwa amekua pamoja na Hamisi. Alipoisoma alisimama, akanishika mabega, akanitazama usoni muda mrefu. Akasema anayaona kwangu macho ya baba yangu. Mimi nikatabasamu. Hapo bado ningeweza kusema. Sikusema.

Siku ya kupeleka ile barua nilikwenda na Mama Zaina, kwa sababu mwenyeji naye alitakiwa afike. Ukumbi ulijaa, wengi wanatufahamu. Ikafika zamu yetu, afisa ameshaishika barua, mara mlango ukafunguka na akaingia bibi mmoja amejifunga kitenge juu ya sweta, anashikwa mkono na mwanawe wa kiume. Alikuwa mama yake Mama Zaina, ametoka Bugeshi juu kule kwenye baridi, kwa pikipiki, na umri ule. Kiongozi wa mtaa alikuwa amempigia huyo mwana wa bibi simu kumpa habari njema. Walipitia dukani kwangu, wakaelekezwa kule.

Alinijia moja kwa moja. Akanishika uso kwa mikono miwili, mikono baridi inayonukia moshi, mbele ya ukumbi mzima.

"We ni mutoto ya Hamisi wangu," akasema. "Niambie tu kitu moja. Hamisi iko muzima, ama alikufa?"

Nilimtazama Mama Zaina, naye alikuwa anatazama sakafu. Nikamtazama afisa, kalamu iko hewani. Ningesema yuko hai ningemwongopea mama kuhusu mwanawe, na ningesema amekufa ningemzika mtu nisiyemjua. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya ofisi ya serikali, fundi wa mabibi harusi, na watu niliowashonea wananiangalia.

"Bibi, mimi si mtoto wa Hamisi," nikasema. "Sijawahi kumwona. Nilitaka karatasi."

Aliondoa mikono yake polepole. Hakunitukana. Alimwuliza binti yake kwa Kinyarwanda jambo moja tu, kama alijua, Mama Zaina akaanza kulia, na yule mwanawe wa kiume akamtoa nje bibi wa watu bila kunitazama.

Afisa aliiweka barua pembeni. Hakupandisha sauti, jambo ambalo lilinichoma zaidi. "Ungekuja mwezi wa kwanza ukasema unashona nguo," akasema, "tungekuelekeza." Nikapewa siku chache niondoke, na duka likafungwa siku ile ile, magauni mawili yakiwa hayajatiwa zipu.

Kigoma nilikusanya kila karatasi niliyotakiwa, lakini kwanza nilimtafuta Hamisi. Hakuna aliyenituma. Nilizunguka sokoni, nikaenda Ujiji, nikauliza wazee misikitini kama wanamkumbuka kijana wa Gisenyi aliyekuja kuuza vitenge. Hakuna aliyemjua.

Niliporudi na kibali changu halali sikufungua duka kwanza. Nilipanda Bugeshi. Bibi alikuwa anamenya viazi, nikakaa chini, nikamweleza nilikoulizia kote na kwamba sikupata kitu. Aliendelea kumenya mpaka nikadhani atanifukuza.

"Bon," akasema, yaani haya. "Mi hapa miguu haifiki kule. We umeuliza. Kaa, ukule."

Nikala vile viazi.

Mama Zaina tunasalimiana, lakini Idi hajanialika tena, na sijathubutu kumwuliza. Kwa hiyo mkiniona najaza fomu siku hizi mtanikuta nimekwama kwenye mstari mmoja nusu saa, nafikiri. Nicheleweshwe, nikataliwe, nirudishwe Kigoma kwa basi la kwanza, ni sawa. Jina la mwana wa watu sitaliandika tena kwa faida yangu.