Msamaha Nisioukumbuka

Nimemsamehe mdogo wangu. Ndivyo daftari linavyosema, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mke wangu, na chini yake amepiga mistari mitatu utadhani anamfundisha mtoto wa chekechea. Mimi sikumbuki kumsamehe. Ninachokumbuka ni mibuni.

Kiharusi kilinipata mwaka jana nikifunga mlango wa zizi. Mguu umerudi, mkono wa kushoto bado unasuasua, ulimi hauna shida, majirani ni mashahidi. Kilichoondoka ni kama miaka miwili ya kabla ya kuugua, na haya ya sasa hayashiki. Nakunywa chai asubuhi, saa nne naidai tena kwa ukali. Ya utotoni ninayo yote. Niulize mibuni aliyopanda baba mpakani mwa shamba langu na la mdogo wangu, nitakutajia mmoja mmoja.

Mibuni hiyo mdogo wangu aliing'oa. Nilikwenda mjini, mtaa wa Soweto, kwa binti yangu, wiki mbili tu, nikarudi Masama nikakuta mashimo, na baada ya mashimo, miparachichi. Hakuniuliza. Hasira ile ninayo nzima, ya moto.

Wanasema baadaye alikuja na jani la isale, baba yetu mdogo akiwa shahidi, tukanywa pombe ya mbege kata moja. Kwetu mtu akikuletea isale humkatalii. Unalipokea, na kesi imekwisha. Basi ilikwisha. Ila ilikwisha ndani ya ile miaka iliyofutika, nami nimebakiwa na kosa lake peke yake.

Na huyo ndiye anayekuja kila asubuhi kuninyoosha mkono, kama alivyoelekezwa hospitalini. Nikiwa nimesoma daftari, mambo ni shwari. Nisiposoma, nikachungulia dirishani nikaiona miparachichi, namfukuza. Namwita mwizi. Ananijibu, "Sawa, kaka," anakwenda kukata isale ukingoni mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, anarudi nalo. Mke wangu anasema majani niliyoletewa yangejaza tenga. Watu wanacheka. Mimi sicheki. Inaudhi, jamani, kuambiwa jana ulimtukana mtu, nawe huna hata tusi moja kichwani la kujutia. Halafu wanakubembeleza: "Usijali, baba, ni ugonjwa tu." Sitaki kuambiwa hivyo. Mdomo uliomwita mwizi mbele ya watoto wake ni huu wangu.

Leo asubuhi nilimuuliza mke wangu mbona mkono haujanyooshwa.

"Hajaja siku ya tatu hii," akasema. "Safari hii ulimwambia asikuzike."

Nilichukua kalamu. Nikaandika daftarini: leo isale napeleka mimi. Nikalitia daftari mfukoni mwa koti, nikakata jani mwenyewe. Fimbo mkono wa kulia, jani mkono mbovu. Mke wangu alitaka kunisindikiza, nikamkemea. Ni mwendo wa kuvuka mpaka tu, hata mbuzi anauweza.

Nilipofika mpakani nikaiona ile miparachichi, imezaa hadi matawi yameinama. Damu ikachemka. Nilitafuta mbuni hata mmoja, sikuuona. Nilipoingia uani kwake nilikuwa tayari kwa ugomvi, na kilichonileta kilikuwa kimeshanitoka.

Mdogo wangu alitoka jikoni akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikaitikia kwa mazoea, huku nikitafuta pa kuanzia.

Alikuwa anautazama mkono wangu mbovu. Nikautazama na mimi. Mkononi mlikuwa na jani la isale. Sikujua limefikaje pale.

"Kaka," akauliza taratibu, "umeniletea, au ni lile nililokuletea mimi?"

Nilipekua kichwani, hakuna kitu. Nilitaka kulia kwa hasira, safari hii si kwa sababu yake.

"Sijui," nikamwambia. "Lipokee tu."

Alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akanivutia kigoda, akaushika mkono wangu, akaanza kuunyoosha kidole kimoja kimoja.

Baadaye nililitoa daftari mfukoni nikasoma, ya asubuhi yakanirudia; haya nimeyaandika hapohapo uani, kwa kalamu yake, nikiwa nimeipa miparachichi mgongo.